Kusikia Bila Kusikika: Jinsi Pakiti za Kompyuta Zinavyopata Njia Katika Setilaiti za Upande Mmoja

Mwaka 1997 wanafunzi wa vyuo vikuu kadhaa vya Afrika, wakiwamo wale wa Chuo Kikuu cha Kenyatta karibu na Nairobi, walianza kusoma kwa namna ambayo haikuwahi kuonekana katika sehemu hizi. Katika mradi wa African Virtual University, ulioanzishwa na Benki ya Dunia, mhadhiri alisimama mbele ya kamera katika nchi ya mbali, sura na sauti yake zikapandishwa hadi kwenye setilaiti, na kutoka huko zikashuka katika madishi ya vyuo vilivyojiunga. Mwanafunzi aliyetaka kuuliza swali hakuweza kulirudisha kwa njia ile ile. Ilimlazimu atumie simu, faksi au barua ya kompyuta. Masomo yalishuka kwa wingi kama maji ya mvua, bali maswali yalipanda kwa shida, tone kwa tone.

Hali hiyo haikuwa uzembe wa mafundi. Ilitokana na jambo la kifizikia na la fedha ambalo limewashughulisha wataalamu wa mawasiliano kwa miaka mingi. Mtu anaweza kupokea kutoka setilaiti kwa gharama ndogo, lakini kurusha kwenda setilaiti ni kazi nyingine kabisa. Kompyuta zilipoanza kuunganishwa kwa njia hiyo, likazuka tatizo ambalo halikutazamiwa: itifaki zinazoongoza habari katika mtandao zilikuwa zimetungwa na watu walioamini kwamba kila njia ya kwendea ni njia ya kurudia pia.

Kwa nini upande mmoja?

Wanafunzi wa fizikia watakumbuka kwamba setilaiti iliyo juu ya ikweta katika kimo cha kilometa 35,786 huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia hujizungusha yenyewe, na kwa hiyo huonekana kama kwamba imesimama mahali pamoja angani. Mwandishi Mwingereza Arthur C. Clarke alieleza mwaka 1945 jinsi vituo vitatu vya namna hiyo vingeweza kuieneza dunia yote, isipokuwa maeneo ya ncha. Leo setilaiti za aina hiyo ni nyingi, na mtu yeyote mwenye dishi lililoelekezwa vizuri anaweza kusikia zinachosema.

Dishi la kupokelea halihitaji nguvu nyingi. Kazi yake ni kukusanya mawimbi dhaifu na kuyapeleka kwenye kikuza mawimbi chenye kelele ndogo. Dishi la kurushia huhitaji mtambo wenye nguvu ya kutosha kuvuka masafa yote yale, huhitaji leseni ya serikali, na lazima lilengwe kwa uangalifu mkubwa, maana likipotoka kidogo litaivuruga setilaiti ya jirani. Katika miaka ya 1990 tofauti ya bei kati ya vyombo hivi viwili ndiyo iliyoamua ni shule au chuo gani kingeweza kujiunga na dunia na kipi kingebaki nje.

Kuna faida nyingine. Setilaiti hutangaza. Pakiti moja ya habari ikirushwa mara moja hupokelewa na madishi kumi, mia au elfu bila gharama ya ziada. Kwa waya wa simu habari ile ile ingelazimika kunakiliwa kwa kila msikilizaji.

Wafanyabiashara waliiona faida hiyo mapema. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Hughes ya Marekani iliuza huduma iliyoitwa DirecPC. Mteja alipewa dishi dogo na kadi ya kompyuta. Habari zilimshukia kwa kasi ya kufikia biti 400,000 kwa sekunde, naye alituma maombi yake kwa modemu ya simu. Kwa mtu mmoja na kompyuta yake mbinu hiyo ilitosha. Lakini shule au chuo hakina kompyuta moja. Nyuma ya dishi mna mtandao mzima wenye kompyuta nyingi, na mbele yake husimama chombo kiitwacho ruta, ambacho kazi yake ni kuamua kila pakiti ipite mlango upi.

Ruta iliyodanganyika

Ruta haizaliwi ikijua ramani ya dunia. Huijifunza kwa kuzungumza na majirani zake. Katika itifaki ya zamani iitwayo RIP, kila ruta hutangaza kwa majirani, kwa kawaida kila baada ya sekunde 30, orodha ya mitandao inayoweza kuifikia na idadi ya hatua za kufika huko. Jirani akisikia, huandika katika jedwali lake: “Mtandao fulani hufikiwa kwa kupitia kwa yule aliyenitangazia, kwa mlango ule nilioisikia sauti yake.” Hapo ndipo penye mtego. Itifaki inachukulia kwamba yule anayesikika anaweza naye kusikia.

Tuseme kituo cha kurushia kinaitwa A, na ruta ya chuo chenye dishi la kupokelea tu inaitwa B. Hizi mbili zimeunganishwa kwa setilaiti ambayo hupeleka habari kutoka A kwenda B peke yake. Zaidi ya hayo, B ina waya wa simu unaoifikisha kwenye intaneti kwa mwendo wa kobe. A inatangaza kwa setilaiti: “Naufikia mtandao wa X kwa hatua mbili.” B inasikia vizuri, tena inafurahia njia fupi, na inaandika kwamba pakiti za kwenda X zipitie mlango wa setilaiti. Mwanafunzi anaandika barua kwenda X. B inaipeleka kwenye mlango wa dishi. Lakini dishi lile halina uwezo wa kurusha chochote. Barua inatumbukia shimoni, na hakuna anayearifiwa.

Upande wa A kuna kosa la pili lililo kinyume cha la kwanza. A haijapata kusikia tangazo lolote la B kwa njia ya setilaiti, kwa hiyo haijui kabisa kwamba mtandao wa chuo kile unafikiwa kwa njia hiyo. Habari zote zinazokwenda chuoni zinaendelea kusongamana katika waya mwembamba wa simu, na huku anga pana, iliyolipiwa fedha nyingi, imelala bure. Hivyo B inatuma mahali isipoweza kutuma, nayo A haitumi mahali inapoweza. Ni vigumu kubuni hasara iliyo kamili zaidi ya hiyo.

Itifaki nyingine maarufu, OSPF, haidanganyiki kwa namna hii, lakini nayo haisaidii. Kila ruta ya OSPF hutuma salamu zenye majina ya majirani wote iliokwisha kuwasikia. Ruta haikubali ujirani mpaka ikute jina lake lenyewe ndani ya salamu ya mwenzake, kwa maana hiyo ndiyo ithibati kwamba imesikika. B itasikia salamu za A mchana na usiku bila kulikuta jina lake humo. Itakataa kuitumia njia hiyo. Uangalifu huo ni wa kusifiwa, lakini dishi linabaki kuwa pambo la paa.

Utangazaji kwa kundi, ambao ndio hasa uliofaa kuipa setilaiti heshima yake, nao ulikwama. Ruta inapopokea pakiti ya kundi, kwanza hujiuliza kama pakiti hiyo imeingia kwa mlango ule ambao ruta yenyewe ingeutumia kumrudia mtumaji. Kama sivyo, huitupa, ili kuzuia pakiti zisizunguke bila mwisho. Muhadhara ulioingia kwa dishi, wakati njia ya kumrudia mhadhiri ni waya wa simu, ulitupwa na ruta iliyokuwa ikitimiza wajibu wake kwa uaminifu.

Bahasha ndani ya bahasha

Wataalamu walipolijadili jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1990, katika kikundi kilichoundwa chini ya chombo kinachotunga viwango vya intaneti, yaani IETF, palikuwa na fikra mbili. Ya kwanza ilikuwa kuzirekebisha itifaki zenyewe, moja baada ya nyingine, zijue kwamba njia za upande mmoja zipo. Fikra hiyo ni ya haki, kwani kosa lilikuwa la itifaki. Lakini itifaki ni nyingi, watengenezaji wa ruta ni wengi, na kila itifaki mpya ingehitaji kurekebishwa tena.

Fikra ya pili ilikuwa ya ujanja zaidi: ziachwe itifaki ziendelee kuamini uongo wao, nao uongo huo ugeuzwe kuwa kweli. Hiyo ndiyo iliyoshinda. Ilichapishwa Machi mwaka 2001 katika waraka wa RFC 3077, ulioandikwa na Emmanuel Duros, Walid Dabbous wa taasisi ya INRIA ya Ufaransa, Hidetaka Izumiyama, Noboru Fujii na Yongguang Zhang. Majina hayo yenyewe yanaonyesha jinsi kazi hii ilivyotoka pande tatu: Ufaransa, Japani na Marekani.

Kiini chake ni hiki. B inapotaka kutuma kitu kwa mlango wa setilaiti, chini ya itifaki ya njia hukaa programu ndogo inayoikamata pakiti hiyo kabla haijapotea. Programu huitia pakiti nzima, pamoja na anwani zake za setilaiti, ndani ya pakiti nyingine, kama barua inayotiwa katika bahasha ya pili. Bahasha ya nje ina anwani ya A upande wa nchi kavu, nayo hupelekwa kwa waya wa simu kupitia intaneti ya kawaida. Ikifika A, bahasha ya nje huchanwa, na ile ya ndani huwekwa mahali ambapo barua za mlango wa setilaiti zingewekwa kama zingekuwapo. Ruta ya A huikuta hapo na kudhani imeshuka kutoka angani. Wataalamu huiita njia hiyo handaki.

Tangu hapo mambo yote hunyooka. Tangazo la RIP la B hupita katika handaki, na A huandika kwamba mtandao wa chuo unafikiwa kwa setilaiti. Salamu ya OSPF hufika, na katika salamu inayofuata B hulikuta jina lake. Pakiti za kundi huingia kwa mlango ule ule ambao B inaamini ungemrudisha kwa mtumaji. Hakuna itifaki hata moja iliyobadilishwa.

Waandishi wa waraka huo hawakuishia hapo. Katika mtandao wa kawaida wa matangazo, mmoja akisema neno kwa wote, wote husikia. Vituo vya kupokelea, ijapokuwa vinaisikia A, havisikiani vyenyewe kwa vyenyewe. Kwa hiyo iliamuliwa kwamba neno lililokusudiwa wote likifika A kwa handaki, A ilirushe tena kwenye setilaiti ili vituo vingine vilipate. Chuo cha kisiwa kimoja kinaweza kuuliza swali, na chuo cha kisiwa kingine kikalisikia likishuka kutoka angani kana kwamba wamo katika chumba kimoja.

Swali linabaki: B hujuaje bahasha ya nje iandikwe anwani gani? A hutangaza kwa setilaiti, kila baada ya sekunde chache, kwamba ipo hai na kwamba mdomo wa handaki lake uko katika anwani fulani. B ikisikia, hufungua handaki. Matangazo yakikatika kwa muda uliowekwa, hulifunga. Utaratibu huu una manufaa makubwa katika nchi za joto. Mawimbi ya masafa ya gigahezi 12 yana urefu wa sentimeta 2.5 tu, na matone ya mvua kubwa huyanyonya na kuyatawanya. Yale ya gigahezi 4, yenye urefu wa sentimeta 7.5, husumbuliwa kidogo zaidi. Masika yakianguka juu ya dishi, sauti ya A hupotea, handaki hufungwa, na ruta hurudi kwenye waya wa simu mpaka mawingu yapite.

Upo mtego mmoja ambao umewashinda mafundi wengi wapya. Ikiwa jedwali la B litasema kwamba njia bora ya kuifikia anwani ya handaki ni setilaiti yenyewe, bahasha ya nje nayo itakamatwa na kutiwa katika bahasha nyingine, na hiyo katika nyingine, bila kikomo, wala hakuna hata moja itakayoondoka. Anwani ya mdomo wa handaki haina budi kufungwa kwa mkono ipitie nchi kavu.

Mwalimu anayetaka kuonyesha haya darasani hahitaji chombo chochote. Mwanafunzi mmoja asimame mbele na kusema kwa sauti. Wengine wakatazwe kusema, ila waweze kumpelekea karatasi iliyokunjwa kwa kupitia safu ya nyuma. Katika dakika tano darasa litagundua lenyewe kwamba mwenye karatasi lazima aandike jina lake, na kwamba swali la mmoja halijulikani kwa wengine mpaka msemaji alisome kwa sauti.

Hesabu ya stakabadhi

Handaki huondoa uongo, lakini haliongezi upana wa waya wa simu. Habari zinazoshuka kwa itifaki ya TCP hudai stakabadhi: kwa kawaida kwa kila pakiti mbili zilizopokelewa, mpokeaji hurudisha stakabadhi moja ya baiti 40. Pakiti mbili za baiti 1,500 ni baiti 3,000. Modemu ya biti 33,600 kwa sekunde hubeba stakabadhi 105 kwa sekunde, kwa sababu kila moja ni biti 320. Kwa hiyo habari zinazoshuka haziwezi kuzidi baiti 315,000 kwa sekunde, yaani biti zipatazo milioni 2.5, hata kama setilaiti ina uwezo wa biti milioni 30. Mkia mwembamba ndio unaomtawala tembo.

Stakabadhi zikipitishwa katika handaki huwa mbaya zaidi, kwani bahasha ya nje huongeza karibu baiti 40 nyingine, na kiwango kile hupungua kwa nusu. Ndiyo maana mafundi wenye busara huliachia handaki mazungumzo ya ruta, na stakabadhi na barua za kawaida huzipitisha moja kwa moja kwa nchi kavu. Hapo nako kuna kizuizi, kwa sababu makampuni mengi ya intaneti hutupa pakiti zenye anwani ya mtumaji isiyokuwa ya kwao, kwa ajili ya kuzuia udanganyifu, na inabidi yaelezwe mapema.

Umbali nao hudai haki yake. Kupanda na kushuka ni kilometa 71,572 kwa uchache, na kwa kasi ya mwanga, kilometa 300,000 kwa sekunde, hiyo ni sekunde 0.24. Tukiongeza sekunde 0.16 za kurudi kwa nchi kavu, mzunguko mzima huwa sekunde 0.4. TCP ya awali hairuhusu zaidi ya baiti 65,535 ziwe njiani bila stakabadhi. Ukigawanya, unapata baiti 164,000 kwa sekunde hivi kwa kila mazungumzo, ambayo ni biti milioni 1.3. Mwaka 1992 ilikubaliwa namna ya kulipanua dirisha hilo, lakini kompyuta nyingi za zamani ziliendelea na dirisha dogo.

Mbinu ya handaki ilipata uwanja wake mkubwa Asia. Mradi wa WIDE wa Japani, ulioanzishwa na Jun Murai mwaka 1988, ulikuwa umekwisha kujenga mtandao wa setilaiti wa AI3 kuunganisha vyuo vya bara hilo. Mwaka 2001 ukazaliwa mpango wa SOI Asia, na baadaye vyuo zaidi ya 20, katika nchi kama Laos, Myanmar na Indonesia, viliweka madishi ya kupokelea tu na kuwasikiliza wahadhiri kutoka Japani kwa wakati ule ule, huku maswali yakirudi kwa nchi kavu. Chuo ambacho bei ya kituo kamili ingekizuia mlangoni kikaweza kukaa darasani.

Katika Afrika ya Mashariki mambo yaligeuka kwa namna nyingine. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, ukifika Mombasa na Dar es Salaam. TEAMS ukaanza mwaka huo huo, na EASSy mwaka 2010. Mbali na hayo, setilaiti zinazoruka chini sana, katika kimo cha kilometa 550 hivi, huwasiliana kwa pande zote mbili na madishi madogo ya nyumbani, na ucheleweshaji wake ni sehemu ndogo tu ya ule wa kilometa 35,786.

Njia ya upande mmoja haijatoweka, hata hivyo, na mahali pengine sasa hutengenezwa kwa makusudi. Katika mitambo ya umeme na viwanda vinavyoogopa kuingiliwa na wadukuzi, kompyuta za ndani hupeleka vipimo nje kwa uzi wa kioo wenye taa upande mmoja na jicho la kupokelea upande wa pili, pasipo waya wa kurudia. Hapo handaki ni marufuku, kwa kuwa kila bahasha ya kurudi ingekuwa mlango wa mwizi. Mtumaji hapati stakabadhi kamwe. Hutuma kila pakiti pamoja na hesabu za ziada zinazomwezesha mpokeaji kujaza yaliyopotea, na pengine huituma mara ya pili.